Kuintegreti Fanksheni Ngumu za Trigonometria: Tazama Umbo Kabla ya Kushika Kalamu

Jioni moja wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza waliingia katika chumba ninachofundishia masomo ya ziada hapa Kondele, Kisumu, kila mmoja akiwa na daftari lake na uhakika kwamba mwenzake amekosea. Walikuwa wamepewa integrali ya sin x cos x. Mmoja alikuwa amepata ½ sin²x + C, wa pili −½ cos²x + C, na kitabu walichokuja nacho kilikuwa na jibu la tatu, −¼ cos 2x + C. "Mwalimu, tuamulie," akasema yule wa kwanza hata kabla hajaketi. Niliwapa chaki, nikamwomba kila mmoja atafute derivativu ya jibu la mwenzake ubaoni. Wote wawili waliishia pale pale walipoanzia, yaani sin x cos x.

Hakuna aliyekosea. Kwa kuwa sin²x ni sawa na 1 − cos²x, jibu la kwanza linazidi la pili kwa nusu tu, na nusu hiyo ni namba thabiti ambayo C huimeza bila kelele. Jibu la kitabu nalo linazidiwa na la kwanza kwa robo. Naanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha ugumu wa somo hili na dawa yake kwa wakati mmoja: trigonometria inaruhusu kitu kimoja kiandikwe kwa sura nyingi, na karibu mbinu zote nitakazoeleza hapa ni namna ya kuchagua sura ambayo integrali yake inajulikana.

Mwanafunzi aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, amezoea integrali za polinomia, ambako kuna kanuni moja: ongeza moja kwenye kipeo, kisha ugawe kwa kipeo hicho kipya. Akifika chuo kikuu, iwe Maseno, Kakamega au Njoro, anakuta kwamba kanuni hiyo moja haitoshi na kwamba sasa anatakiwa kuchagua. Wengi hujibu kwa kukariri orodha ndefu ya fomula, jambo ambalo silipendekezi hata kidogo. Fomula chache zinatosha, mradi zikae kichwani kama namba ya simu ya mama:

sin²x + cos²x = 1
1 + tan²x = sec²x
sin 2x = 2 sin x cos x
cos 2x = 2 cos²x − 1 = 1 − 2 sin²x

Pamoja nazo, kumbuka kwamba derivativu ya sin x ni cos x, ya cos x ni −sin x, ya tan x ni sec²x, na ya sec x, yaani 1/cos x, ni sec x tan x. Pembe zote ni za radiani, kwani derivativu hizi si za kweli pembe zikipimwa kwa nyuzi.

Saini na kosaini zilizozidishwa

Unapokutana na sin na cos zenye vipeo, swali la kwanza ni kama kuna kipeo kilicho witiri. Kikiwepo, kazi imekwisha nusu. Chukua

∫ sin³x cos²x dx.

Kipeo cha saini ni 3. Tenga sin x moja, uiweke pembeni karibu na dx, kwa maana hiyo ndiyo itakayogeuka kuwa du. Kilichobaki ni sin²x, nacho hugeuzwa mara moja kuwa 1 − cos²x, ili kila kitu isipokuwa ile sin x iliyotengwa kiwe ni kosaini tupu. Sasa weka u = cos x, ambapo du = −sin x dx, na integrali inakuwa

−∫ (1 − u²) u² du = −u³/3 + u⁵/5 + C = (cos⁵x)/5 − (cos³x)/3 + C.

Alama ile ya kutoa mbele ya integrali ndiyo inayopotea mara nyingi zaidi katika madaftari ninayosahihisha, na hupotea kwa sababu mwanafunzi huandika du kichwani badala ya kuiandika kwenye karatasi. Kama kipeo witiri ni cha kosaini, unatenga cos x moja na kuweka u = sin x, na hapo hakuna alama ya kutoa ya kukusumbua. Vikiwa vyote viwili ni witiri, tenga kutoka kwenye kile kidogo, kwani mabano utakayoyafungua yatakuwa machache.

Vipeo vyote vikiwa shufwa, mbinu hiyo haifai kitu. Ukitenga sin x moja utabaki na sin x nyingine yenye kipeo witiri, na kuigeuza kuwa kosaini kutakuletea kipeuo cha pili ambacho hukukihitaji. Hapa unashusha vipeo kwa fomula za pembe maradufu:

sin²x = ½(1 − cos 2x), cos²x = ½(1 + cos 2x).

Kwa mfano, katika ∫ sin²x cos²x dx, ni afadhali kuona kwanza kwamba sin x cos x ni nusu ya sin 2x. Kwa hiyo zao lote ni ¼ sin² 2x, nalo ni ⅛(1 − cos 4x), na jibu ni x/8 − (sin 4x)/32 + C. Aliyeanza kwa kufungua mabano mawili atafika pia, ila atatumia ukurasa mzima.

Fomula hii ya kushusha vipeo ndiyo iliyofichika nyuma ya namba iliyoandikwa kwenye vifaa vingi vya umeme nyumbani. Stima yetu ni ya volti 240, na huzunguka mara 50 kwa sekunde. Volti hizo 240 si kilele cha wimbi, bali ni volti thabiti ambayo ingetoa nguvu ileile ya wastani. Nguvu ya umeme hufuata mraba wa volti, na wastani wa sin² katika mzunguko mmoja mzima ni nusu kamili, kwa sababu sehemu ya cos 2x hujifuta yenyewe. Kilele kwa hiyo ni 240 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani karibu volti 339.

Pembe zikiwa tofauti, kama katika ∫ sin 3x cos 5x dx, usijaribu kuzigeuza zote kuwa pembe x. Geuza zao kuwa jumla kwa fomula sin A cos B = ½[sin(A + B) + sin(A − B)]. Utapata ½(sin 8x − sin 2x), na integrali yake ni −(cos 8x)/16 + (cos 2x)/4 + C. Hapo hakuna la zaidi.

Tanjenti na sekanti

Kanuni ni ileile ya kutenga, ila safari hii una vitu viwili vinavyoweza kutengwa. Derivativu ya tanjenti ni sec²x; kwa hiyo sekanti ikiwa na kipeo shufwa, tenga sec²x, ugeuze sekanti zilizobaki kuwa tanjenti, kisha uweke u = tan x. Derivativu ya sekanti ni sec x tan x; kwa hiyo tanjenti ikiwa na kipeo witiri na sekanti ikiwepo, tenga sec x tan x, ugeuze tanjenti zilizobaki kuwa sekanti, kisha uweke u = sec x. Kwa njia ya kwanza,

∫ tan²x sec⁴x dx = ∫ u²(1 + u²) du = (tan³x)/3 + (tan⁵x)/5 + C,

na kwa njia ya pili,

∫ tan³x sec³x dx = ∫ (u² − 1) u² du = (sec⁵x)/5 − (sec³x)/3 + C.

Tanjenti ikiwa peke yake, toa tan²x moja na uiandike sec²x − 1. Hivyo ∫ tan²x dx ni tan x − x + C, jibu ambalo wanafunzi hulitilia shaka kwa sababu ya ufupi wake.

Linabaki lile kundi gumu, yaani tanjenti yenye kipeo shufwa pamoja na sekanti yenye kipeo witiri, na ndani ya kundi hilo mdogo wa wote ni ∫ sec x dx. Vitabu vingi huonyesha ujanja wa kuzidisha juu na chini kwa sec x + tan x, na jibu hutokea ghafla: ln|sec x + tan x| + C. Ujanja huo ni sahihi, lakini sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyeweza kuufikiria mwenyewe, na mbinu isiyoweza kufikiriwa ni ya kukariri tu. Mimi hufundisha njia nyingine. Sekanti ni 1/cos x. Zidisha juu na chini kwa cos x ili upate cos x/(1 − sin²x). Kumbe kosaini ya kutenga ilikuwepo tangu mwanzo, imejificha chini ya mstari! Weka u = sin x na integrali inakuwa ∫ du/(1 − u²), ambayo kwa kuigawanya iwe jumla ya sehemu mbili rahisi ni ½ ln|(1 + sin x)/(1 − sin x)| + C. Majibu haya mawili ni kitu kimoja. Kuthibitisha hilo ni zoezi zuri la dakika tano.

Integrali hii ina historia inayotuhusu sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichora ramani ya dunia ambayo mabaharia wangeweza kuitumia kufuata dira kwa mstari mnyoofu, na ili ramani hiyo ifanye kazi, umbali wa kila mahali ulibidi unyooshwe kwa kiasi cha sekanti ya latitudo yake. Mwaka 1599 Mwingereza Edward Wright alitoa majedwali aliyoyapata kwa kujumlisha sekanti moja baada ya nyingine, yaani alikuwa akikokotoa integrali hii kwa mkono kabla kalkulasi haijazaliwa. Katika miaka ya 1640 Henry Bond aligundua kwamba namba za majedwali hayo zinalingana na logi ya tanjenti, ila hakuweza kusema kwa nini. Uthibitisho ulitolewa na James Gregory mwaka 1668, na mwaka 1670 Isaac Barrow alitoa mwingine ulio rahisi zaidi kwa kugawanya sehemu, ambao ndio asili ya njia ninayoipendelea.

Ukipanda matatu ya Busia kutoka Kisumu utaivuka ikweta pale Maseno, na hapo sekanti ya latitudo ni 1, kwa hiyo ziwa letu limo kwenye ramani ya Mercator karibu bila kunyooshwa. Kwenye nyuzi 60 kaskazini, karibu na Oslo, sekanti ni 2 na kila urefu umeongezwa maradufu. Ukiintegreti sekanti kutoka 0 hadi π/3 utapata ln(2 + √3), karibu 1.317, ilhali umbali halisi wa safari hiyo kwenye tufe ni π/3, karibu 1.047 ya nusu kipenyo cha dunia. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayofanya nchi za kaskazini zionekane kubwa kuliko zilivyo.

Integrali inayorudi nyumbani

Ukiwa na sec³x, kutenga hakusaidii, na hapo ndipo mbinu ya kuintegreti kwa sehemu, yaani ∫ u dv = uv − ∫ v du, inapohitajika. Andika sec³x kama sec x mara sec²x. Acha u = sec x na dv = sec²x dx, ili v iwe tan x. Tukiipa integrali yote jina I, basi

I = sec x tan x − ∫ sec x tan²x dx.

Geuza tan²x kuwa sec²x − 1, na utaona kitu ambacho mara ya kwanza humtisha mwanafunzi: integrali uliyoanza nayo imerudi upande wa kulia, safari hii ikiwa na alama ya kutoa.

I = sec x tan x − I + ∫ sec x dx

Wengi hufuta hapo wakidhani wamezunguka bure. La hasha. Hamishia I upande wa kushoto, upate 2I, kisha ugawe kwa mbili:

I = ½ sec x tan x + ½ ln|sec x + tan x| + C.

Njia hiyohiyo humaliza ∫ eˣ sin x dx, ambapo unaintegreti kwa sehemu mara mbili na kupata ½ eˣ(sin x − cos x) + C. Sharti ni moja: ukiichagua eˣ kuwa u katika hatua ya kwanza, ichague tena katika hatua ya pili. Ukibadilisha katikati utapata I = I, ambayo ni kweli lakini haikupeleki popote.

Vipeuo na pembetatu

Kuna integrali zisizo na trigonometria hata chembe ambazo hata hivyo hutatuliwa nayo. Ukiona √(a² − x²), weka x = a sin θ. Ukiona √(a² + x²), weka x = a tan θ. Ukiona √(x² − a²), weka x = a sec θ. Sababu yake ni zile fomula mbili za mwanzo, zinazokigeuza kilichomo ndani ya kipeuo kuwa mraba kamili.

Mfano ulio karibu nasi ni tangi la mafuta la umbo la mcheduara lililolazwa, kama yale yanayofukiwa chini ya vituo vya petroli. Mhudumu hufungua kifuniko, huteremsha ufito wenye alama za sentimita, huutoa na kusoma ulipolowa. Tuseme nusu kipenyo cha tangi ni mita 1 na ufito umelowa nusu mita, yaani robo ya kimo chote. Je, tangi lina robo ya mafuta yake? Ukiweka sifuri katikati ya duara, eneo la sehemu iliyojaa ni

A = 2 ∫ √(1 − y²) dy, kutoka y = −1 hadi y = −½.

Weka y = sin θ, na dy = cos θ dθ. Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu: badilisha na mipaka papo hapo. Pale y ilipokuwa −1, θ ni −π/2. Pale ilipokuwa −½, θ ni −π/6. Kosaini ni chanya katika eneo hilo lote, kwa hiyo kipeuo kinakuwa cos θ bila wasiwasi wa alama, na

A = 2 ∫ cos²θ dθ = ∫ (1 + cos 2θ) dθ = θ + ½ sin 2θ.

Ukiingiza mipaka unapata π/3 − √3/4, karibu mita za mraba 0.614. Duara zima ni 3.142. Kwa hiyo tangi lina karibu asilimia 19.6 tu, si 25, na anayegawanya kwa jicho atakosea kwa zaidi ya sehemu tano katika mia.

Kwa kuwa tulibadilisha mipaka, hatukuhitaji kurudi kwenye y. Integrali isiyo na mipaka haina nafuu hiyo, na hapo nashauri uchore pembetatu mraba. Kwa mfano, katika ∫ √(9 − x²) dx uliweka x = 3 sin θ, kwa hiyo chora pembetatu ambayo upande ulioelekeana na θ ni x, upande mrefu kuliko yote ni 3, na uliobaki, kwa kanuni ya Pythagoras, ni √(9 − x²). Integrali inakuwa 9 ∫ cos²θ dθ, nayo ni (9/2)(θ + sin θ cos θ) + C. Sasa soma kutoka kwenye mchoro: sin θ ni x/3 na cos θ ni √(9 − x²)/3. Jibu ni (9/2) arcsin(x/3) + ½ x√(9 − x²) + C. Mwanafunzi asiyechora pembetatu huacha θ ndani ya jibu, na hilo si jibu la swali aliloulizwa.

Sehemu zenye trigonometria chini ya mstari

Hapa jaribu kwanza la bei nafuu. Kwa 1/(1 + sin x), zidisha juu na chini kwa 1 − sin x. Chini panakuwa cos²x, juu panagawanyika, na unapata sec²x − sec x tan x, ambayo integrali yake ni tan x − sec x + C kwa kukumbuka tu.

Njia hiyo ikishindikana, kuna silaha nzito: t = tan(x/2). Kwa kubadilisha hivyo,

sin x = 2t/(1 + t²), cos x = (1 − t²)/(1 + t²), dx = 2 dt/(1 + t²),

na kila sehemu iliyoundwa kwa kujumlisha, kuzidisha na kugawanya sin na cos hugeuka kuwa sehemu ya polinomia. Mbinu hii mara nyingi huitwa kwa jina la Karl Weierstrass, ingawa Leonhard Euler aliitumia katika karne ya 18, kabla Weierstrass hajazaliwa. Mimi huiita nzito kwa sababu hufika daima lakini hufika imechoka, na anayeitumia kila mahali huandika kurasa tatu kwa swali la mistari minne. Pale inapofaa, inafaa kweli:

∫ dx/(5 + 4 cos x) = ∫ 2 dt/(9 + t²) = ⅔ arctan(⅓ tan(x/2)) + C.

Swali hili niliwahi kuliandika ubaoni na kuongeza mipaka, kutoka 0 hadi 2π. Niliingiza mipaka kwa haraka: tan 0 ni sifuri, tan π ni sifuri, sifuri kutoa sifuri, nikaandika jibu 0 na kugeuka kuchukua kitambaa cha kufutia. Msichana aliyekaa karibu na mlango akauliza kwa upole, "Samahani mwalimu, 5 + 4 cos x huwahi kuwa hasi?" Haiwi hasi hata siku moja, thamani yake huwa kati ya 1 na 9. Grafu yote iko juu ya mstari, na eneo lililo juu ya mstari haliwezi kuwa sifuri. Nilisimama na kile kitambaa mkononi kwa muda ambao wanafunzi walinihesabia baadaye.

Kosa lilikuwa kwamba x inapopita π, tan(x/2) hupanda hadi ukomo usio na mwisho kisha huibukia upande wa hasi, kwa hiyo fanksheni niliyoiingizia mipaka ilikuwa imekatika katikati ya safari. Dawa ni kuigawa safari. Kutoka 0 hadi π, t hutoka 0 hadi ukomo, arctan hufika π/2, na eneo ni ⅔ × π/2 = π/3. Kwa kuwa grafu inalingana pande zote mbili za π, eneo zima ni 2π/3, karibu 2.09. Tangu siku hiyo sianzi integrali yoyote yenye mipaka kabla ya kukadiria jibu: fanksheni hii ni kati ya 1/9 na 1, upana ni 2π, basi jibu lazima liwe kati ya 0.7 na 6.3. Sifuri ingekataliwa mlangoni.

Pale mipaka inapofanya kazi badala yako

Kuna nyakati ambapo integrali isiyo na mipaka inachosha au haiwezekani, lakini yenye mipaka ni nyepesi. Chukua √(sin x)/(√(sin x) + √(cos x)) kutoka 0 hadi π/2. Usiitafutie ubadala wowote. Weka π/2 − x mahali pa x. Saini na kosaini hubadilishana nafasi, eneo linabaki lilelile, na ukijumlisha sura hizo mbili unapata 1. Mara mbili ya eneo ni π/2, kwa hiyo eneo ni π/4. Vilevile vipeo vikubwa vya saini kutoka 0 hadi π/2 hushuka ngazi kwa ngazi: kwa sin⁶x ni 5/6 × 3/4 × 1/2 × π/2, yaani 5π/32. Kipeo kikiwa witiri ngazi huishia 2/3 na π/2 haiingii.

Na kuna integrali ambazo hakuna mbinu yoyote kati ya hizi itakayozifungua. Kwa sin(x²) na kwa (sin x)/x imethibitishwa kwamba hakuna jibu linaloweza kuandikwa kwa polinomia, vipeuo, logi, eˣ na fanksheni za trigonometria. Msingi wa nadharia hiyo uliwekwa na Mfaransa Joseph Liouville katika miaka ya 1830. Mwanafunzi anayekesha na sin(x²) akitafuta ubadala unaofaa anajisumbua bure, na hana budi kuitambua kwa sura na kuiacha mapema.

Kuiacha si kukosa jibu. Kanuni ya trapeza aliyofundishwa kidato cha nne inatosha. Gawa sehemu ya kutoka 0 hadi 1 kuwa vipande vinne vya upana wa 0.25. Thamani za sin(x²) ni 0, 0.0625, 0.2474, 0.5333 na 0.8415. Jumlisha nusu ya ya kwanza na nusu ya ya mwisho pamoja na zile tatu za katikati, kisha uzidishe kwa 0.25, na utapata 0.316, thamani sahihi kwa desimali nne ni 0.3103. Ukitaka kuikaribia zaidi, tumia kanuni ya Simpson kwa thamani zilezile tano, nayo itakupa 0.3099. Na endapo kikokotoo chako kitakuletea kitu kama 0.006, usianze kufuta hesabu. Tazama kwanza pembe ya juu ya kioo, utakuta herufi D (nyuzi) badala ya R (radiani).